Mshahara, Ujira na Dai la Baharia: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Ajira Melini

Utangulizi

Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya kufasiri sheria imekuwa wajibu wa ofisi, si hiari ya wapenzi wa lugha. Miongoni mwa sheria zinazongoja kalamu ya mfasiri zimo zile zihusuzo merikebu na watu wanaofanya kazi ndani yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 hapo mwaka 2019, na Kenya ilikwisha kuuridhia mwaka 2014. Kwa hiyo maneno tutakayoyachagua kwa ajili ya sheria hizi si maneno ya kamusini tu. Yatasomwa bandarini, yatatiwa sahihi, na siku ya ugomvi yatabishaniwa mbele ya hakimu.

Madhumuni ya makala hii ni kuyapima baadhi ya maneno ambayo aghalabu hutumiwa katika jambo hili: mshahara, nauli, mkataba, mgogoro, mtoro, kutelekezwa, pamoja na yale yanayotumiwa kueleza dai la baharia juu ya meli yenyewe. Kipimo chetu kitakuwa kimoja. Je, neno likichukuliwa kama lilivyo, baharia atapata haki aliyopewa na sheria, au ataipoteza? Katika fani nyingi istilahi mbovu humchosha msomaji; katika fani hii humnyima mtu jasho lake.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba watu wa pwani si wageni wa bahari. Lugha yetu ina utajiri wa maneno ya tanga, kamba, pepo na mikondo. Ina nahodha, serahangi na tandeli. Lakini utajiri huo ni wa chombo na safari. Mintarafu ya malipo ya yule avutaye kamba, msamiati tulionao umetawanyika, na wafasiri wameuacha utawanyike zaidi kwa kutafuta kisawe cha haraka.

Mshahara si kila malipo

Neno "mshahara" limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni neno lenye maana ya mwezi. Kwa asili, basi, mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. "Ujira" ni pana zaidi: ni malipo ya kazi, iwe ya siku, ya kipande au ya safari nzima. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hii imefifia, wala si kosa. Lakini mfasiri wa sheria za bahari akiisahau ataharibu maana, kwa kuwa historia ya ujira wa mabaharia imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo.

Tuchukue shauri la Cutter na Powell, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1795 na ambalo bado husomeshwa katika vyuo vya sheria. Cutter aliandikwa kazi mjini Kingston, Jamaica, mwishoni mwa Julai 1793, awe msaidizi wa pili wa nahodha katika merikebu Governor Parry iliyokuwa ikielekea Liverpool. Aliahidiwa gini 30, zitakazolipwa siku 10 baada ya merikebu kufika, kwa sharti kwamba aendelee na kazi yake hadi bandari hiyo. Merikebu iliondoka tarehe 2 Agosti. Cutter akafa tarehe 20 Septemba. Merikebu ikafika tarehe 9 Oktoba. Mjane wake alidai malipo ya siku ambazo marehemu alifanya kazi. Hakupata kitu. Mahakama ilisema kwamba malipo ya kawaida ya kazi hiyo yalikuwa pauni 4 kwa mwezi, na safari yenyewe ilikuwa ya miezi 2 hivi; Cutter alikubali kungoja fungu moja kubwa mwishoni badala ya malipo madogo ya kila mwezi, na kwa kufanya hivyo alijitwika hatari ya kukosa vyote.

Sasa mwalimu wa sheria anayelieleza shauri hili kwa Kiswahili akiandika kwamba Cutter "aliahidiwa mshahara wa gini 30", ameliua shauri zima. Kama ungalikuwa mshahara, mjane angalilipwa. Lililomnyima ni kwamba malipo yale hayakuwa mshahara. Yalikuwa ujira wa safari nzima. Ni mara chache lugha kuwa na maneno mawili yanayokata kwenye kiungo kile kile ambacho sheria inakikata. Kiswahili kinayo, nasi tunayachanganya.

Kuna namna ya tatu, nayo yatuhusu kwa karibu zaidi. Katika majahazi ya Ghuba yaliyokuja Unguja na delta ya Rufiji kwa pepo za kaskazi, mabaharia hawakuwa na mshahara wala ujira uliotajwa kwa kiasi. Waligawana mapato ya safari kwa mafungu baada ya kutoa gharama za chakula, na nahodha akawa na nyongeza yake. Malipo ya namna hii yaitwe "fungu" au "mgawo wa mapato". Ni kosa kuyaita mshahara, maana mwenye fungu hana kiasi anachokidai chombo kisipopata kitu.

Ukilinganisha namna hizi tatu, utaona maana ya kanuni ya Mkataba wa Kimataifa isemayo kwamba baharia alipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi 1, na kila mwezi apewe hesabu ya alichopata na alichokatwa. Hapa neno "mshahara" limestahili kabisa. Sheria imesafiri zaidi ya miaka 200 kutoka katika hati ya Cutter hadi kufika mahali ambapo neno letu lilikuwa limekwisha tia nanga.

Nauli, mama wa ujira

Sheria ya zamani ya Uingereza ilikuwa na kanuni kwamba nauli ndiyo mama wa ujira. Maana yake ni kwamba merikebu ikizama au ikitekwa kabla ya kufikisha shehena, mwenye merikebu hakupata nauli, na mabaharia nao hawakupata kitu, hata kama walikwisha fanya kazi miezi mingi. Sababu iliyotolewa ni kuwa mtu mwenye ujira wake salama hatapigana na mawimbi kuokoa mali ya tajiri. Kanuni hii ilivunjwa kwa Sheria ya Merikebu za Biashara ya mwaka 1854, ingawa sheria hiyo ilibakiza sharti: ikithibitishwa kwamba baharia hakujitahidi kwa uwezo wake wote kuokoa merikebu iliyovunjika, dai lake linaanguka.

Siku hizi wafasiri wengi huona "nauli" kuwa ni ya abiria wa basi tu, na kwa malipo ya kuchukua shehena huandika "gharama za usafirishaji". Nadhani hili ni kosa la aina mbili. Kwanza, gharama ni kitu anachotoa mtu, ilhali nauli kwa mwenye meli ni pato. Mwanafunzi akisoma kwamba "gharama za usafirishaji ndizo mama wa ujira" hataelewa lolote. Pili, "nauli" ni neno la bahari tangu lilipozaliwa. Waarabu walilipokea kutoka Kiyunani likiwa na maana hiyo hiyo ya malipo ya chombo, na pwani yetu ililitumia kwa abiria na kwa mizigo vilevile. Panapohitajika kutofautisha, "nauli ya shehena" na "nauli ya abiria" yatosha.

Mkataba ndani ya mkataba

Neno "mkataba" limebebeshwa mizigo mitatu. Ni mapatano baina ya mataifa. Ni mapatano baina ya mwajiri na mwajiriwa. Na katika usemi wa "mkataba wa hali bora" ni mapatano baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Katika fani nyingine mizigo hiyo haigongani. Hapa inagongana katika sentensi moja: "Mkataba unataka mkataba uwe kwa maandishi na ulingane na mkataba." Tena jina "Mkataba wa Kazi za Baharini", likisikiwa na mtu asiyejua, ni hati ya kuandikia mtu kazi melini.

Wapo wanaosema herufi kubwa itatutoa katika shida hii. Haitatutoa. Sheria husomwa kwa sauti mahakamani, na baharia huelezwa masharti yake kwa mdomo. Sikio halioni herufi kubwa. Wengine wamependekeza kuita hati ya baharia "makubaliano ya ajira". Neno hilo ni zuri, lakini limepoteza kitu kimoja: makubaliano yaweza kuwa ya mdomo, na Mkataba wa Kimataifa unataka hati iliyotiwa sahihi na pande mbili, ambayo baharia amepewa nafasi ya kuisoma na kutafuta ushauri kabla ya kutia sahihi. Shina la "mkataba" ni kuandika; kwa hiyo ni neno linalokumbusha sharti la sheria. Kiswahili kinaafikiana nalo kwa upande mwingine pia, kwani kwetu mtu "huandikwa" kazi. Rai yangu ni kwamba "mkataba wa ajira ya baharia" ubaki, na ule wa mataifa usitajwe kamwe bila sifa yake: "Mkataba wa Kimataifa". Ufupi ni sifa ya istilahi, lakini uwazi huja kwanza.

Mahali pamoja Kiswahili kimebahatika bila kukusudia. Mkataba wa Kimataifa hauwajibishi mwenye hati ya umiliki peke yake; unamhesabu pia wakala, meneja au mkodishaji aliyechukua dhamana ya kuiendesha meli. "Mmiliki wa meli" ni finyu mno kwa maana hiyo, na humpa mtu mwanya wa kujibu kwamba meli si mali yake. "Mwenye meli" ni yule aliye nayo, iwe kwa hati au kwa dhamana. Wafasiri wanaobadili "mwenye" kuwa "mmiliki" kwa kudhani wanaisanifisha lugha, wanamfungulia mdaiwa mlango wa nyuma.

Dai na mgogoro

Kila baharia asiyelipwa siku hizi huambiwa ana "mgogoro wa kikazi". Neno hili lina mahali pake, lakini si hapa. Mgogoro una pande mbili zinazovutana juu ya jambo lisiloamuliwa, kwa mfano mabaharia wanaotaka nyongeza na mwenye meli anayekataa. Mfano mzuri ni shauri la Stilk na Myrick la mwaka 1809. Mabaharia 2 walitoroka huko Cronstadt, na nahodha akawaahidi waliobaki kugawana malipo ya waliokimbia. Mahakama ilikataa, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujifunga kufanya kila liwezekanalo katika dharura za safari. Mwaka 1857, katika shauri la Hartley na Ponsonby, watu walikuwa wamepungua kutoka 36 hadi 19, hata kuendelea na safari kukawa ni hatari. Hapo mahakama ilisema kwamba waliobaki walikuwa huru kufanya mapatano mapya, na ahadi ya nyongeza ikalipwa. Huo ndio mgogoro: je, kuna haki au hakuna?

Lakini mtu aliyefanya kazi miezi 5 kwa kiasi kilichoandikwa, na hakulipwa, hana mgogoro na yeyote. Ana "dai", na mwenye meli ana "deni". Ofisa akiandika "mgogoro" katika jalada, papo hapo amemweka mdai na mdaiwa katika mizani moja, kana kwamba kila mmoja ana sehemu ya kosa. Kisha husuluhishwa, na katika kusuluhishwa aliyestahili vyote hupunguziwa. Tusiseme kwamba hili ni suala la adabu ya maneno tu.

Dai ambatani

Istilahi iliyowatatiza wafasiri kuliko zote ni ile ya haki ya baharia juu ya meli yenyewe. Baharia asiyelipwa hadai mtu peke yake. Dai lake limeishika meli. Meli ikiuzwa kwa mtu mwingine, hata kama mnunuzi hakujua, dai halibaki kwa mwenyewe wa zamani, linakwenda na meli. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1993 kuhusu madai na rehani za meli umeyaweka malipo ya nahodha na mabaharia katika daraja la kwanza, pamoja na gharama za kuwarejesha kwao, mbele ya rehani ya benki. Meli isipokamatwa, dai hilo hufa kwa kupita mwaka 1. Meli ikiuzwa kwa amri ya mahakama, dai huiacha meli na kuhamia katika fedha za mnada.

Kwa dhana hii nimekuta visawe viwili vikitumika, na vyote viwili vinapotosha. "Rehani" haifai, kwa sababu rehani huwekwa kwa hiari ya mwenye mali, na dai la baharia halikuombwa ruhusa kwa mtu. "Haki ya kuzuia mali" nayo haifai, kwa kuwa hiyo ni haki ya fundi anayeishikilia saa ya mteja mpaka alipwe. Saa ikimtoka mkononi haki imekwisha. Baharia hana meli mkononi. Huenda ameshushwa miezi 3 iliyopita na meli iko bahari nyingine.

Napendekeza "dai ambatani", kwa wingi "madai ambatani". Kitenzi "ambata" kina maana ya kushikamana na kitu kisiachane nacho, kama chaza na mwamba. Neno ni fupi, linanyumbulika, na linaeleza jambo lenyewe: dai limeambata chombo, chombo kiende kiendako.

Sambamba na hilo, tutofautishe "kukamata meli" na "kuzuia meli". Meli hukamatwa kwa amri ya mahakama kwa sababu ya dai. Huzuiwa na wakaguzi wa bandari kwa sababu ya upungufu wa usalama au wa masharti ya kazi. Anayeambiwa kwamba meli "imezuiwa" aweza kudhani kwamba dai lake limekwisha fika mahakamani, akakaa akingoja, na mwaka ukapita.

Mtoro na aliyetelekezwa

Chini ya Sheria ya Merikebu za Biashara ya Uingereza ya mwaka 1894, baharia aliyeitoroka meli aliweza kupoteza vitu vyake alivyoviacha melini pamoja na ujira alioukwisha kuufanyia kazi. "Mtoro" kwa hiyo si sifa ya tabia tu. Ni neno lenye bei. Kwetu lina na historia nzito: liliitwa juu ya watu waliokimbia utumwa, na leo huitwa juu ya mtoto asiyekwenda shule. Katika yote mawili aliyeondoka ndiye mwenye kosa. Baharia aliyeshuka kwa sababu hakulipwa, au kwa sababu hakuna maji ya kunywa, asiitwe hivyo. Aandikwe kwamba "ameacha kazi", na sababu itajwe.

Neno lililo kinyume chake ni "kutelekezwa", nalo ni zuri, ila laweza kueleweka kwa ufinyu. Kwa masikio ya wengi aliyetelekezwa ni mke na watoto walioachwa bila matunzo, na baharia aliyetelekezwa ni yule aliyeachwa kwenye meli mbovu isiyo na chakula. Marekebisho ya Mkataba wa Kimataifa ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika mwaka 2017, yamekwenda mbali zaidi. Baharia ametelekezwa pia ikiwa mwenye meli hakulipa gharama za kumrejesha kwao, au amevunja uhusiano naye kwa upande mmoja, ikiwa ni pamoja na kutomlipa mshahara kwa miezi 2 au zaidi. Hivyo mtu aweza kuwa ametelekezwa hali anakula na anafanya kazi kila siku. Hapo ndipo dhamana ya fedha inapofunguka, hata kulipa mshahara wa hadi miezi 4. Mfasiri aliandike neno hilo pamoja na maana yake ya kisheria, asiiachie fikra ya msomaji.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika meli MV Aman, iliyozuiwa katika bandari ya Adabiya, Misri, mwaka 2017. Mahakama ilimtaja mmoja wa maofisa wake, raia wa Syria, kuwa mwangalizi wa meli kisheria. Kwa maelezo yake mwenyewe hakuelewa maana ya amri hiyo mpaka wenzake walipoanza kuondoka naye hakuruhusiwa. Alikwama mpaka Aprili 2021, kwa muda mrefu akiwa peke yake melini. Mtu huyu lugha yake ni Kiarabu, na Misri ni nchi ya Kiarabu. Kama mwenye lugha yake aliweza kufungwa na neno moja la sheria ambalo hakuelezwa, je, sisi tukiifasiri hati ya namna hiyo tutaandika nini? "Mlezi" ni wa mtoto. "Mlinzi" hulipwa na huenda nyumbani jioni. "Mdhamini" hulipa deni la mwingine. Kila neno lingempa mtu wajibu tofauti. Ningeandika "mwangalizi wa meli kwa amri ya mahakama", na chini yake ningetaja waziwazi kwamba hawezi kuondoka mpaka aondolewe na mahakama.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo ni haya:

(a) "Mshahara" kwa malipo ya kila mwezi. "Ujira wa safari" kwa malipo ya safari nzima. "Fungu" kwa mgawo wa mapato.
(b) "Nauli ya shehena" badala ya "gharama za usafirishaji".
(c) "Mkataba wa ajira ya baharia" na "Mkataba wa Kimataifa", bila kufupishwa.
(d) "Mwenye meli", si "mmiliki wa meli".
(e) "Dai" kwa malipo yasiyolipwa. "Mgogoro" kwa haki inayobishaniwa.
(f) "Dai ambatani" kwa haki iambatayo chombo. "Kukamata" kwa mahakama, "kuzuia" kwa wakaguzi.
(g) "Kuacha kazi" pasipo na utoro. "Kutelekezwa" pamoja na ufafanuzi wake.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni bure, kwa kuwa lugha ya meli za kimataifa ni Kiingereza. Jibu limo katika Mkataba wa Kimataifa wenyewe. Hauikatazi nchi kuandika mkataba wa baharia kwa lugha yake. Unataka tu kwamba nakala ya mfano ya mkataba iwepo kwa Kiingereza kwa ajili ya wakaguzi, na meli ziendazo safari za ndani peke yake hazidaiwi hata hilo. Kijana wa Tanga, Lamu au Mkokotoni anaweza kuutia sahihi mkataba wake kwa Kiswahili. Nafasi anayopewa ya kuusoma kabla ya kutia sahihi ina thamani iwapo maneno yaliyomo yanamwambia kweli anachopewa na anachokiacha.

Maneno haya hayajasanifiwa. Yametolewa ili yapingwe. Wafasiri na walimu wenye mengine yaliyo bora, hasa waliozaliwa na kukulia katika shughuli za vyombo, waandike. Lakini kila pendekezo lije na kipimo chake: lisomwe kwa sauti mbele ya baharia, kisha aulizwe lini atalipwa, na nani, na asipolipwa atakishika nini. Akiweza kujibu, neno limefaa.